Watani wa Redioni

Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi kitandani, simu yangu mkononi, akicheka mpaka miguu inapiga godoro. Nikamwuliza kuna nini. Akanigeuzia kioo nione. Kijana mdogo, mwembamba, nywele kazipaka rangi ya chungwa, yuko jukwaani anaimba, anateleza, anaanguka. Watu wamekirudiarudia kile kipande cha kuanguka na kukiwekea mlio wa sahani zinazovunjika. Chini yake maneno hayaishi, kila mtu kaja na lake la kumwambia.

"Huyu ni mtani wako?" nikamwuliza.

"Mama! Mimi hata simjui."

Kabla sijamjibu, simu ikalia mlemle mkononi mwake. Alikuwa kaka yangu Rajabu, anapiga kutoka Kilindoni. Hakunisalimia. Alisema, "Mke wangu katutoka," na mimi nikakaa chini. Mke wake wa ndoa ni mzima, ana afya kutushinda sote. Nilijua anamsema Bi Pili wa Kanga, mke wake wa utani.

Siku hiyo nilipika, nikafua, nikapanga nguo za msibani, na kila nilichokishika kilinirudisha kwenye koti moja la fedha na mwaka ule ambao nchi nzima ilimcheka kaka yangu. Wa rika langu mtaikumbuka miaka hiyo, miaka ya memori kadi na simu za vitufe. Hapa Baleni umeme ulikuwa haujatufikia. Redio ya baba ilikula betri zile kubwa, na zikichoka tulizianika juani juu ya ungo, pamoja na mihogo, zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi.

Rajabu alikuwa na sauti. Sijui niiseme vipi wasioisikia waelewe. Alipokuwa akighani maulidi pale madrasa, mama alikuwa anaacha kukuna nazi, mbuzi katikati ya miguu, kifuu mkononi, anasikiliza tu. Sauti ilikuwa nyembamba na safi, inapanda bila kutafuta pa kushika. Mjomba wetu wa Temeke alipomchukua akasome sekondari huko, mtaa mzima ulilalamika kwamba sasa maulidi yatakuwa ya kukohoa tu.

Huko Temeke akapata wenzake wawili wa umri wake, na fundi mmoja wa muziki mwenye chumba kilichobandikwa matrei ya mayai ukutani. Wakatoa wimbo. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, na nina hakika hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kumshika msichana mkono. Lakini ulipigwa. Ulipigwa asubuhi, ulipigwa mchana, ulipigwa kwenye harusi za Kilindoni. Baba, ambaye siku zote aliita muziki wa vijana kelele za mashetani, ghafla aliona kwamba redio inakaa vibaya ndani, inahitaji hewa, akaihamishia barazani na kuifungulia mpaka mwisho. Akipita mtu, baba anatazama minazi kama hasikii.

Rajabu akatuma picha. Vijana watatu, kila mmoja kavaa koti la kung'aa, rangi ya fedha, mabega yamesimama. Mama aliibandika ile picha juu ya kitanda chake. Mimi nilikuwa darasa la pili, na nilikuwa dada wa nyota. Niliombwa urafiki na wasichana waliokuwa hawanitazami, na niliwakubalia wote.

Halafu ikaja ile siku ya televisheni. Duka la mtaani kwetu lilikuwa na jenereta, na mwenye duka aliiwasha jioni ile kwa ajili ya Rajabu. Tulibanana watoto mbele, wakubwa nyuma. Akatokea na koti lake. Akaanza vizuri. Wimbo ule una pahala panapopanda, pale ndipo watu walipokuwa wanampendea, na alipofika pale sauti ikapanda, ikapanda, ikapasuka. Zikatoka sauti mbili kwa pamoja, moja ya mtoto na nyingine ya mtu nisiyemjua. Ukumbi ukacheka. Akajaribu tena, ikapasuka tena. Mwenye duka naye alicheka, kisha akakumbuka mama yetu amekaa nyuma yake, akajifanya anatengeneza waya.

Sikujua, kwa umri ule, kwamba sauti ya mvulana hubadilika. Hakuna aliyenieleza. Niliona tu kwamba kuanzia kesho yake kaka yangu alikuwa maarufu zaidi ya mwanzo. Mtangazaji mmoja wa asubuhi alikichukua kile kipande akakiunganisha na mlio wa mbuzi. Sauti ya Rajabu inapanda, kabla haijapasuka, mbuzi analia, meee, na mtangazaji anacheka mpaka anakohoa. Wachekeshaji wakaigiza kwa makoti ya karatasi. Vipande viliruka kutoka simu hadi simu, mbili zimelazwa pamoja juu ya jamvi zipeane. Shuleni nikiingia darasani wanalia mbuzi. Wenzake wawili wakatafuta mwingine wa kushika nafasi yake, na watu wakawasifu kwa hilo.

Na mimi, msinicheke, nilifurahi.

Kwetu, mtu hakucheki hadharani bila haki. Akikucheka asiye mtani wako, huo ni ugomvi, na wazee watakaa mchana kutwa kuumaliza. Akikucheka mtani, unacheka naye na unamlipa siku nyingine. Ukoo wetu na ukoo wa kina Bi Pili kule Kanga ni watani tangu zamani ambayo hakuna anayeikumbuka. Babu yangu alipofariki, mwaka uliotangulia, Bi Pili alivaa kofia ya marehemu, akashika mkongojo wake, akazunguka uani akikohoa kikohozi chake hasa, akiwafokea watoto wake kwa majina. Jeneza lilipotaka kutoka, alijilaza njiani akasema haendi mtu, huyu mzee ana deni langu la mchezo wa bao. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Na ni Bi Pili huyohuyo aliyefika kabla ya jua kuchomoza, akachota maji ya kuoshea maiti na ya kupikia, na hakurudi Kanga mpaka arobaini ilipokwisha.

Basi akili yangu ilikuwa imepanga hivyo. Anayekucheka mbele za watu ni mtani, na mtani ndiye mtu wako. Niliposikia nchi nzima inamcheka kaka Rajabu, niliamini nchi nzima imekuwa watani wake. Niliona fahari. Nilikuwa nafagia uwanja mpaka barabarani, kwa sababu watani wakishacheka huja, na hawa walikuwa wengi.

"Mama," nilimwuliza siku moja, "wale watani wa kaka wa redioni watakuja lini?"

Mama alikuwa anachochea moto. Hakugeuka. "Nenda kacheze," akasema.

Aliyekuja alikuwa Rajabu mwenyewe, na boti ya Nyamisati, ana begi moja na lile koti ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amerefuka. Nilimrukia shingoni, akanikumbatia vizuri, lakini hakusema kitu. Mama akamwuliza safari, akatikisa kichwa kwamba nzuri. Baba akamwuliza shule, akatikisa kichwa kwamba hapana. Kesho yake vivyo hivyo, na wiki ikaisha, na nyingine. Akitaka maji anaonesha kikombe. Akiniita anapiga mluzi. Chumba chake kilikuwa na dirisha la njiani, na watoto wa mtaa walikuwa wanapita chini yake wanalia mbuzi, kisha wanakimbia.

Mama alimchemshia tangawizi na asali, akamsugua shingo kwa mafuta ya habasoda. Shangazi alisema karogwa na wale wenzake, na akamtaja mganga. Baba alisema ni jeuri, kisha akaacha kusema chochote, na redio akairudisha ndani. Jioni moja nilimkuta mama kaketi juu ya kinu, anamwambia shangazi, "Mwanangu ananifia mdomoni, naona." Ndipo na mimi nikaanza kuogopa. Nilikuwa na hamu naye. Yeye ndiye aliyekuwa ananisimulia hadithi za majini wa pwani kwa sauti za kila jini, na sasa alikuwa anakaa mlangoni, ananisuka nywele kimya.

Siku moja baba alikwenda Kanga kutafuta samaki wa hitma ya babu, na mimi nyuma ya baiskeli. Akaniacha kwa Bi Pili aende pwani. Bi Pili alikuwa kaketi uani anashona makuti ya kuezekea, mwanamke mfupi, mpana, tumbaku shavuni, na hakuwa na redio wala haja nayo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wifi yangu. Mume wangu hajambo? Nasikia karudi, hata salamu hajaniletea. Ndiyo umjini huo?"

Aliniita wifi tangu nilipozaliwa, kwa kuwa Rajabu alikuwa mumewe tangu alipozaliwa. Nikamwambia kilichokuwa kinanisumbua. Nilimwambia watani wapya wa kaka wamezidi, wanacheka kila asubuhi, na sasa kaka hasemi, na hao watani bado hawajafika.

Mkono wake ukasimama juu ya makuti. "Watani gani?"

"Wa redioni. Wa Dar. Wanaweka na mlio wa mbuzi."

"Ukoo gani hao?"

"Sijui, Bibi."

"Walikuja msiba wa babu yako?"

"Hawakuja."

"Wameleta hata ndoo ya maji?"

"Bado."

"Bado!" akasema, akatema tumbaku. "Yaani mtu anakaa huko asikojulikana, anamcheka mume wangu, na mimi nipo hai hapa nashona makuti? Nani kampa ruhusa?" Alikasirika kwelikweli, kama mtu aliyeambiwa shamba lake limevunwa na mgeni. Hakuniuliza lolote zaidi. Alinipa kipande cha pweza mkavu nitafune, akaendelea kushona kwa nguvu mpaka baba aliporudi.

Siku ya hitma uani kwetu kulijaa. Wanaume wamemaliza kusoma, wako barazani, wanawake tuko jikoni na masufuria makubwa. Rajabu alikuwa kaketi pembeni, kwenye kigogo, anamenya vitunguu maana kazi hiyo haihitaji kusema. Bi Pili akashuka kwenye pikapu na wanawake wenzake wa Kanga. Hakumsalimia mtu. Alipita moja kwa moja mpaka chumbani kwa Rajabu, na alipotoka alikuwa amevaa koti la fedha juu ya kanga zake, mikono imemfunika vidole.

Mambo yote yalisimama. Mama alishika mwiko hewani.

Bi Pili akajiweka katikati ya uwanja, akaegesha mchi mdomoni kuwa kipaza sauti, akaimba. Sijui aliujulia wapi ule wimbo. Akafika pale panapopanda, akapanda nao, akaupasua. Jamani, aliupasua. Yule mbuzi wa redioni alikuwa na adabu. Hakuna aliyethubutu kucheka. Wote tulikuwa tunamtazama Rajabu, ambaye kisu kilikuwa kimemsimama ndani ya kitunguu.

"Nimeambiwa mume wangu ana sauti mbili," Bi Pili akatangaza. "Mwanamume wa sauti mbili nitampakulia sahani ngapi? Na hili koti, alinunua au alibandika karatasi za ndani ya pakiti za sigara?" Mwanamke mmoja akaguna. "Haya, nijibu."

Rajabu akainamia vitunguu vyake.

"Mtani hajibu?" Akageuka kwa wenzake. "Asiyemjibu mtani wake huyo kafa. Leteni jamvi."

Wanawake wa Kanga wakaleta jamvi, kweli, wakalitandika mbele ya miguu yake. Bi Pili akapiga magoti, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia. "Mume wangu kafa jamani! Kafa kijana! Kaniachia koti, hata vifungo halina! Nendeni mkachimbe!" Wenzake wakaitikia. Mmoja akaanza kupima urefu wa Rajabu kwa kanga, tangu kisogoni mpaka kisiginoni. Nililia. Nilidhani wanajua jambo ambalo sisi hatulijui, nikakimbia nikamkamata kaka mguu, nikaushika, ulikuwa wa moto.

"Wifi, mwache maiti," akasema Bi Pili.

Na hapo juu yangu ikatoka sauti.

"Vua koti langu, we kizee. Utalipasua na huo unene wako."

Haikuwa sauti ya Rajabu. Ilikuwa nzito, imetulia, na ya babu. Ya babu hasa, yule tuliyemsomea hitma asubuhi ile, na kikwaruzo chake mwishoni. Barazani wanaume wakageuka. Mama aliuachia mwiko ndani ya wali. Rajabu mwenyewe alikuwa ameshika koo, macho yamemtoka, kama na yeye ndiyo kwanza anaisikia.

Bi Pili aliacha kulia papo hapo. Alimtazama, bado kapiga magoti.

"Kumbe ndiyo hii ilikuwa njiani," akasema, polepole, si kwa utani.

Kisha akainuka, akajikung'uta, akamwambia kwamba sauti kaipata lakini sura bado wanasubiri. Rajabu akamwambia ajiangalie yeye, meno yamekwenda hija hayajarudi. Basi uwanja ukaachia kicheko kilichokuwa kimezuiwa kwa wiki nyingi. Wanawake wakaangukiana. Baba alisimama kwenye nguzo ya baraza, anacheka, anafuta macho kwa kofia, na mama alikwenda kusimama nyuma ya jiko peke yake mpaka alipoweza kurudi. Wali uliungua chini, na hakuna aliyelalamika.

Lile koti halikurudi. Mtani akichukua, kachukua, na Bi Pili aliondoka nalo mwilini. Miaka yote iliyofuata alilivaa, kwenye harusi, shambani asubuhi za baridi, anapouza makuti. Watoto wa Kanga walikua wakijua kwamba koti la fedha ni vazi la bibi.

Redioni waliendelea kidogo, kisha wakamchoka. Wakahamia kwa msichana mmoja aliyesahau maneno ya wimbo wake mwenyewe. Nilikaa karibu na redio nikawa namsikiliza akichekwa, na nakumbuka nilimwuliza mama kama huyu dada ana Bi Pili wake. Mama alisema tumwombee Mungu ampatie. Nimekuwa mtu mzima, na swali langu bado ni lile. Kila anaponiletea binti yangu kijana mwingine wa kuchekwa, natafuta mle ndani mtu mmoja mwenye haki, simwoni.

Rajabu hakurudi kwenye nyimbo. Alimaliza shule hapahapa, akajifunza kutengeneza majokofu, na anauza barafu kwa wavuvi Kilindoni. Ijumaa anaadhini, na wageni husimama njiani kusikiliza. Kila Idi alipita Kanga kumtukana mkewe na kutukanwa, na barafu ya juisi hakuacha kumpelekea.

Tulifika Kanga asubuhi, mimi na binti yangu. Rajabu alikuwa ametangulia. Tulimkuta kisimani, kanzu kaifunga kiunoni, ndoo mikononi, jasho linamtoka, na mapipa yote ya uani yalikuwa yameshajaa. Macho yalikuwa mekundu.

Jeneza lilipokuwa tayari, aliingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa lile koti. Alilitoa kwenye msumari wake. Mikono ilimwishia kwenye viwiko, kifua hakikufunga, rangi ya fedha ilikuwa imebanduka mabegani, na alipopita karibu yangu lilinuka moshi wa vifuu na tumbaku, likanuka Bi Pili mzima mzima. Nilishindwa kuzuia machozi. Akajiweka mlangoni, miguu kaitanua, jeneza halina pa kupita. Akauinamisha mgongo, akaweka mkono kiunoni, akatafuna tumbaku asiyokuwa nayo.

"Nimeambiwa mume wangu ana sauti mbili," akasema, kwa sauti ya Bi Pili.

Wanawake wakaguna. Wazee waliyakumbuka maneno hayo. Kisha akaimba. Tangu ile siku ya televisheni hakuwahi kuuimba wimbo ule mbele ya mtu yeyote, hata sisi. Alifika pale panapopanda, na sauti ile nzito ikapanda, ikatafuta, ikapasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mimi nilicheka na kulia pamoja, na binti wa Bi Pili alinishika bega tukatingishika wote wawili. Rajabu hakuumalizia. Alibaki mlangoni, kinywa wazi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola ya fedha, halafu akasogea pembeni, akalishika jeneza kwa mbele.

Binti yangu alikuwa kaipandisha simu juu, amerekodi tangu mwanzo.

"Mjomba," akamwuliza kwa sauti ndogo, "niirushe?"

Rajabu alimtazama, jeneza begani.

"Rusha," akasema. "Ila waambie, kila atakayecheka aje na ndoo."

Wakaondoka na Bi Pili. Binti yangu alisimama pale muda mrefu, simu mkononi, anawatazama mpaka walipopotea kwenye minazi. Kisha akaifunga simu kwenye pindo la kanga yangu, akainama, akachukua ndoo ya mjomba wake, akaelekea kisimani.